Kompyuta za Mwalimu Gama

Nilikabidhi ofisi miezi miwili iliyopita. Rehema, aliyepokea meza yangu, ameniambia vijana wa kitengo cha Tehama wanataka niwaandikie tulivyokuwa tukichagua kompyuta, tangu enzi za daftari hadi enzi za programu. "Ila usitujazie vyeo, mama," akasema. "Vyeo tutavisoma kwenye faili lako." Sawa. Vyeo vyangu havijazi hata ukurasa.

Jina langu ni Skolastika Komba, mzaliwa wa hapahapa Songea. Niliajiriwa ofisi ya mkoa nikiwa mpiga chapa. Siku ya kwanza nilipewa taipureta ambayo herufi yake ya "m" ilikuwa imevunjika, na kazi ya kwanza ikawa barua ya mkutano wa maafisa misitu wa mkoa mzima. Anayejua Kiswahili ataielewa adhabu ile. Nilizijaza "m" zote kwa kalamu, moja baada ya nyingine, na mkuu wangu akasema barua ni nzuri lakini ina madoa.

Kompyuta zilipokuja, zilikuja mbili. Moja iliwekwa kwa mkuu, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, ikakaa hivyo wiki kadhaa kama mwali. Nyingine ikaletwa kwetu masjala. Pamoja nazo alikuja fundi, Mzee Mbawala, mtu mrefu, mkavu wa maneno, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitengeneza redio karibu na soko. Alipoifungua ile ya masjala, wenzangu walitoka nje wakiogopa kuambiwa wameharibu. Mimi nilibaki, nikamuuliza ndani kuna nini.

"Unataka kujua kweli, au unapitisha muda?"

"Nataka kujua, mzee."

"Basi kashike chuma cha dirisha kwanza, halafu uje."

Chuma cha dirisha kilikuwa cha kuondoa umeme unaokaa mwilini, ambao huweza kuua vifaa vya ndani bila hata kutoa cheche. Nilishika, nikaja. Akanionyesha prosesa, inayofanya hesabu zote. RAM, inayoshikilia kazi unayoifanya wakati huo. Diski, inayotunza hata umeme ukikatika. Na pawa saplai, inayovilisha vyote. Nikataka kujionyesha mwerevu, nikasema, "Kwa hiyo RAM ni kama meza ya jikoni."

"Si kama kitu chochote," akasema. "Ni RAM. Ishike."

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kufundisha. Baada ya mwezi mmoja aliandika dokezo, nikapelekwa mafunzoni, na niliporudi sikurudi tena kwenye taipureta.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya Bwana Hamisi, mchora ramani, Myao wa Tunduru. Alikuja kulalamika kwamba akifungua ramani ya wilaya moja, anakwenda kuswali adhuhuri, anarudi, na ramani bado haijafunguka. "Mashine hii inanifundisha subira kuliko hata msikiti," akasema. Mimi nikamjibu papo hapo kwamba prosesa yake ni ndogo, tuombe nyingine. Mzee Mbawala alinisikia.

"Umejuaje?"

Nikakiri nimekisia tu.

"Kesho ukae naye kutwa. Usimfundishe kitu. Andika anachofanya, na kila anaposubiri, andika anasubiri nini."

Nilikaa. Niliandika kurasa nne. Jioni tukaona kwamba prosesa ya Bwana Hamisi haikuwa na shida. RAM ilikuwa ikijaa, mashine ikaanza kukimbilia diski kila dakika, na haikuwa na kadi ya picha ya kuchorea. Wakati huohuo, ile kompyuta iliyofunikwa kitambaa kwa mkuu ilikuwa na RAM mara mbili ya ile, pamoja na kadi nzuri ya picha. Mzee Mbawala akapanda ngazi, mimi nyuma yake nikiomba Mungu. Akasimama mlangoni akasema, "Mkuu, kompyuta yako ina afya nzuri mno kwa barua tatu kwa wiki." Mkuu alikitazama kitambaa chake. Kisha akakubali tubadilishane, kwa sharti moja: kitambaa kibaki kwake.

Baada ya hapo niliendelea kukaa na watu. Mhasibu, daktari wa mifugo, karani wa takwimu, mwalimu wa sekondari; kila mmoja nilimwandikia kazi zake upande wa kushoto na vifaa vinavyotakiwa upande wa kulia. Mzee Mbawala alipostaafu akarudi kwao Mbinga kulima kahawa, orodha ile ilikuwa imejaza daftari kubwa. Niliihamishia kwenye lahajedwali la kompyuta, jedwali la safu na mistari ambalo ukiliingizia kazi ya mtu linakutolea vifaa vya chini anavyohitaji.

Lahajedwali nalo lilikosea. Ofisi moja ya wilaya niliwashauri waongeze kadi ya picha, wakaongeza, na kesho yake wakanipigia kwamba chumba kinanuka kama kibanda cha kuchomelea vyuma. Pawa saplai haikuwa na wati za kutosha. Nililia kidogo, kisha nikaongeza safu ya wati: kila kifaa na ulaji wake, jumla yake chini, na juu ya jumla nafasi ya kupumua. Nyingine nikaongeza ya kukagua kama vifaa vinaingiliana, maana kuna RAM isiyoingia kwenye bodi kuu ya mashine hata uisukume vipi. Najua kuna waliosukuma.

Miaka ikaenda. Kitengo kikaletewa kijana mwandishi wa programu, Elia Mapunda, na yeye ndiye aliyeligeuza lahajedwali langu kuwa programu kamili. Tuliiita Mshauri. Ilikuuliza maswali ishirini: unaandika au unachora, unafungua mafaili makubwa au madogo, umeme wa ofisi yako unakatika mara ngapi. Ukimaliza, inakutolea vigezo vya kiufundi vilivyokamilika, vya kupeleka moja kwa moja kwenye kamati ya manunuzi. Kabla ya Mshauri, vigezo viliandikwa na yule aliyepiga kelele zaidi kikaoni. Afisa mmoja alitaka kompyuta yenye nguvu kuliko zote. Akajaza maswali kwa uaminifu wake wote, na Mshauri akampa ndogo kuliko zote. Aliuliza nani ameiingiza habari ile kwenye mashine. Nilimwambia ni yeye mwenyewe, dakika tatu zilizopita.

Wilaya zote za mkoa zilianza kutuma maombi kupitia Mshauri. Nilijivuna, sitaficha. Lakini kwa kuwa programu ilikuwa ikijibu vizuri, nikaacha kwenda kukaa na watu. Nilikaa mezani, simu sikioni, nikiuliza maswali ishirini na kujaza majibu ya yeyote aliyeshika simu upande wa pili.

Ndivyo nilivyofanya na shule moja iliyoko njia ya Njombe, upande wa Madaba, ambayo ilikuwa na kitengo cha wanafunzi wasioona. Ilipata fungu la kununua kompyuta kumi na mbili. Nilimpigia mkuu wa shule, sista mmoja mchangamfu, nikamuuliza watoto watafanya nini. Akasema watasoma na kuandika. Nikajaza: kusoma na kuandika. Mshauri ikatoa kompyuta za kawaida kabisa, RAM ndogo, diski ya kuzunguka ya aina ya zamani, na skrini pana ili maandishi yaonekane vizuri. Nilisaini. Kamati ikapitisha bila swali hata moja, kwa sababu karatasi ilikuwa na jina la Mshauri juu yake. Tangazo la zabuni lilitakiwa litoke siku chache baadaye, na mwaka wa fedha ulikuwa ukingoni. Ukipita Juni bila mkataba, fedha zinarudi Hazina.

Nilikwenda shuleni kwa ajili ya kuangalia soketi za umeme tu. Kwa bahati nilibeba kompyuta moja ya ofisi yenye vigezo vilevile, ili niwaonyeshe kitakachokuja. Nilipokelewa na mwalimu wa kitengo, Fabiani Gama, kijana wa miaka thelathini na kitu, asiyeona tangu utotoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuletea sampuli."

Alikaa, akatembeza vidole pembeni mwa mashine, akalikuta tundu la hedifoni nyuma kabisa, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nikamwekea ile programu inayosoma kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini. Sauti yake ya Kiswahili ilikuwa na lafudhi ya mgeni aliyejifunza lugha kwa njia ya posta, lakini ilieleweka. Akaanza kuandika. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyowahi kuwa mimi na taipureta. Baada ya sentensi mbili akasimama, akavua hedifoni.

"Mama, mashine hii inanijibu kama mtu anayetafuna."

"Una maana gani?"

"Nikibonyeza herufi ya kwanza, naisikia nikiwa nimefika ya nne. Wewe unaona ulichoandika palepale. Mimi nakiona nikikisikia. Kama sauti inachelewa, ni sawa na wewe kuandika ukiwa umefumbwa macho, kisha unafumbuliwa mwisho wa mstari."

Nilijitetea. Hata leo naona aibu. Nilimwambia, "Lakini Mshauri imekubali."

"Imemuuliza nani?" akasema, kwa upole kabisa.

Imeniuliza mimi. Mimi nimemuuliza sista. Sista hakumuuliza mtu. Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, nikanyamaza. Mwalimu Gama akadhani nimeondoka. "Mama, upo?"

"Nipo. Endelea kuandika. Nitakaa hapa."

Nikafungua daftari la soketi na kuanza kuandika anachofanya, na kila anaposubiri, anasubiri nini. Kufika saa tisa alasiri nilikuwa nimeelewa. Skrini pana ambazo nilikuwa nimezitengea sehemu kubwa ya fungu zisingetazamwa na mtu. RAM ilijaa kwa sababu ile programu ya sauti inafanya kazi juu ya kila programu nyingine, haipumziki. Diski ya kuzunguka ilikuwa ikimchelewesha kila alipofungua faili. Na kibodi yetu ilikuwa laini, bapa, ya kupendeza machoni, isiyo na vile vinundu viwili kwenye F na J ambavyo vidole hutumia kujua nyumbani ni wapi. Mwalimu Gama alipoteza mstari mara sita kwa sababu ya kibodi ile, na mara zote sita aliomba radhi, kana kwamba kosa ni lake.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati nikamwomba arudishe vigezo. Aliitisha kikao siku hiyohiyo. Afisa manunuzi wetu, Bwana Mhina, mtu wa Tanga, mwangalifu sana, aliweka kalamu chini akanitazama.

"Mama Komba, samahani kukuuliza. Vigezo vimepitishwa, tangazo liko tayari, na leo unataka kubadilisha. Kuna mzabuni amekupigia simu?"

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo.  Lakini alikuwa na haki. Ningekuwa yeye, ningeuliza.

"Hakuna mzabuni," nikasema. "Kuna mwalimu ambaye mimi ndiye nilipaswa kumpigia, na sikumpigia."

"Kwa hiyo programu yako imekosea?" akauliza mwenyekiti.

"Programu imejibu nilichoiuliza. Nimekosea mimi."

Mwenyekiti akatazama kalenda ukutani. Akasema nina siku tatu, fungu lisizidi hata shilingi, na huyo mwalimu aje mwenyewe aonyeshe mbele ya kamati. Nisipoweza, tangazo linatoka kama lilivyo.

Siku zile tatu nazihesabu miongoni mwa bora za maisha yangu ya kazi. Mwalimu Gama alikuja Songea kwa basi, akafikia kwa shemeji yake, mtaa wa Bombambili. Mimi na Elia tuliazima RAM na diski za kisasa zisizozunguka kutoka kwenye mashine zetu wenyewe, tukawa tunabadilisha kimoja kimoja huku yeye akiandika. Tukiongeza RAM, anasema, "Sasa anatafuna taratibu." Tukibadilisha diski, anasema, "Amemeza." Kuhusu kibodi, nilizunguka ofisi zote za jirani nikiazima kila aina, nikarudi na tisa ndani ya gunia. Alizipapasa zote. Saba alizikataa, moja akasema inaweza kutumika na mtu mwenye roho ya utakatifu. Ya tisa ilikuwa nzee, nene, yenye kelele, ya kutoka masjala. Aliweka vidole juu yake akacheka kwa sauti.

"Hii! Hii inajua kazi yake."

Skrini tulichagua ndogo kabisa, za bei ya chini, kwa ajili ya walimu wanaoona. Kilichookolewa hapo kililipia RAM, diski, kibodi nene na hedifoni imara. Elia alikesha na Mshauri, akaongeza swali jipya juu kabisa, kabla ya yale ishirini: ni nani atakayekaa hapa, na umeongea naye? Ukijibu hapana, programu inafunga. Haikupi vigezo. Nilimwambia ni kali mno. Akasema, "Mama, ni wewe uliyeniambia niiandike." Kweli nilikuwa nimemwambia, nikiwa na hasira.

Kikaoni tuliweka kompyuta mbili mezani, ya vigezo vya zamani na ya vigezo vipya. Mwalimu Gama alikaa katikati. Bwana Mhina alichukua gazeti akaanza kumsomea habari ya bei ya mahindi, kwa mwendo wa kawaida. Kwenye mashine ya kwanza Mwalimu Gama alibaki nyuma, akakosea, akarudi, akaachwa kabisa. Wajumbe walitazama meza. Akahamia ya pili. Bwana Mhina akasoma, Mwalimu Gama akaandika. Bwana Mhina akaongeza mwendo, na yeye akaongeza. Mwisho Bwana Mhina akasimama kugeuza ukurasa, na Mwalimu Gama akasema, "Nakusubiri, kaka."

Kikao kizima kikacheka, Bwana Mhina zaidi ya wote. Alilikunja gazeti, akachukua kalamu yake, akasaini wa kwanza. Tulipokuwa tunatoka alinishika bega. "Nilikuuliza swali baya, mama."

"Uliuliza swali la kazi yako," nikamwambia. Tumekuwa marafiki tangu siku hiyo, na kwenye hafla ya kuniaga yeye ndiye aliyesema maneno mafupi kuliko wote, jambo ambalo wastaafu tunalithamini.

Mkataba ulisainiwa kabla ya Juni kwisha. Mashine zilifika mwezi wa nane, na nilikwenda mwenyewe kuzifunga. Mwalimu Gama alikuwa amewapanga wanafunzi kumi na wawili, kila mmoja na kiti chake. Kwa dakika chache za kwanza hawakuandika kitu cha maana, walikuwa wakiicheka ile lafudhi, wakiilazimisha iseme "ng'ombe" na "ng'ang'ania." Kisha chumba kikatulia, kikabaki na mvumo wa kibodi nene kumi na mbili, kama mvua inayoanza kwenye bati.

Msichana mmoja, Zainabu, wa kidato cha tatu, kwao Nakapanya, alikuwa akiandika bila kusimama. Mwalimu Gama alikuwa amenieleza kwamba barua za nyumbani watoto wale huwa wanawaambia wenzao wanaoona wawaandikie, na majibu yakija wanasomewa. Siri ya mtoto ilipita kwanza kwenye midomo ya watu wawili. Nikasogea nyuma yake kuona mashine inavyokwenda. Alisikia hatua zangu, vidole vikasimama.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Mama Komba, fundi. Naangalia kama inafanya kazi vizuri."

"Inafanya, mama. Asante." Akasita kidogo. "Mama, hapo mbele yangu kuna kioo kinachoonyesha ninachoandika?"

"Kipo, mwanangu."

"Naomba ukizime. Namwandikia mama yangu."

Nikanyoosha mkono nikaizima skrini. Zainabu akasubiri hadi aliposikia nimerudi mlangoni, kisha akaendelea kuandika.